Pointi Tatu za Ushindi Hazikuongeza Thamani ya Ushindi

Katika msimu wa 2025, mashindano ya roboti ya vijana wa sekondari yanayoendeshwa na shirika la FIRST la Marekani yalifanya badiliko linaloonekana dogo katika hesabu zake. Muungano (timu tatu zinazocheza upande mmoja) unaoshinda mechi ya hatua ya awali, ambao tangu 2016 ulikuwa ukipata pointi mbili za msimamo, ukaanza kupata tatu, huku sare ikibaki na pointi moja. Msomaji aliyekulia kwenye mpira wa miguu atadhani anaijua habari hii hata kabla ya kuelezwa, kwa kuwa ligi ya Uingereza ilifanya hivyohivyo mwaka 1981 na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994, kwa nia ya kuwafanya wachezaji watafute ushindi badala ya kuridhika na sare. Kwa mantiki hiyohiyo, wapo walioona kwamba waandaaji wa mashindano ya roboti wamechoshwa na mahubiri yao wenyewe kuhusu kushirikiana na wapinzani, na kwamba ushindi umerudishwa kwenye kiti chake. Ninavyoona mimi, hitimisho hilo ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la falsafa. Ushindi haukupanda thamani hata kidogo, na anayesoma matokeo ya michezo hii kama anavyosoma matokeo ya kandanda hawezi kujua ni timu gani iliyocheza vizuri.

Tuanze na hesabu. Hadi msimu wa 2024, mechi moja ya hatua ya awali ilikuwa na pointi nne za msimamo ambazo muungano mmoja ungeweza kuzichukua: mbili za ushindi, na nyingine mbili za kutimiza kazi maalumu zilizotajwa kwenye kitabu cha kanuni, ambazo hutolewa bila kujali nani kashinda. Mwaka 2025 ushindi ulipewa pointi tatu, lakini kazi maalumu nazo zikawa tatu, kila moja kwa pointi yake, na jumla ikawa sita. Mbili katika nne ni nusu, na tatu katika sita ni nusu vilevile. Muungano uliofungwa lakini ukatimiza kazi zote tatu uliondoka uwanjani na pointi tatu, sawa kabisa na muungano ulioshinda bila kutimiza kazi hata moja. Katika mpira badiliko la 1981 lilikuwa na makali kwa sababu sare ni tukio la kila wiki. Katika michezo ambayo alama za mechi moja huhesabiwa kwa makumi na mara nyingine kuvuka mia, sare ni jambo la nadra, na kwa hiyo uwiano kati ya ushindi na sare haubadilishi uamuzi wa mtu yeyote. Kilichoongezeka kwa kweli ni idadi ya milango ambayo timu inaweza kuipitia kuelekea juu ya jedwali, na mmoja kati ya milango hiyo, kama nitakavyoonyesha, ufunguo wake wa pili uko mikononi mwa mpinzani.

Kwa asiyeyajua mashindano haya, inafaa kusema kwanza yasivyo. Hayafanani na ile michezo ya televisheni ambamo mashine zenye misumeno hukatana mpaka moja ife. Kila mwaka, mwezi Januari, FIRST hutangaza mchezo mpya kabisa ambao hakuna timu iliyowahi kuuona, na vijana huwa na wiki chache tu za kubuni na kuunda roboti yenye uzito unaoweza kuzidi kilo 50 kabla ya mashindano ya kwanza. Uwanja una urefu wa takriban futi 54 na upana wa takriban futi 27, ukitofautiana kidogo kila msimu. Roboti tatu zenye rangi nyekundu hucheza dhidi ya tatu za buluu kwa takriban dakika mbili na nusu, na katika sekunde chache za mwanzo hakuna anayeruhusiwa kugusa usukani: roboti hutenda kwa programu ilizopewa peke yake. Baada ya hapo madereva huchukua vidhibiti. Kugongana kunaruhusiwa, na kuzuia njia ya mpinzani ni mbinu halali, ila kumbana mtu kwenye kona kwa muda mrefu au kumharibia mashine kwa makusudi ni kosa linaloadhibiwa. Jambo muhimu kuliko yote ni kwamba katika hatua ya awali miungano hupangwa na kompyuta na hubadilika kila mechi. Timu inayokuwa mwenzako saa nne asubuhi inaweza kuwa mpinzani wako saa sita mchana, na wewe hukuichagua katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Msimamo hupangwa kwa wastani wa pointi ambazo kila timu imevuna katika mechi zake zote.

Mpangilio huu haukuzaliwa siku moja. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya sekondari mjini Manchester, New Hampshire, yakiwa na timu 28, na kila roboti ilijipigania. Mvumbuzi Dean Kamen, aliyelianzisha shirika hilo mwaka 1989, na Woodie Flowers, profesa wa chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani aliyekuwa na sifa ya kuwashindanisha wanafunzi wake kwa mashine walizozibuni wenyewe, waliendelea kuujaribu mchezo huo kwa namna ambayo wasimamizi wachache wa michezo wangethubutu. Mwaka 1999 wakaleta miungano. Mwaka 2001 wakaondoa wapinzani kabisa: roboti nne zilifanya kazi upande mmoja kutafuta alama nyingi kadiri iwezekanavyo. Mwaka uliofuata wapinzani wakarudi. Mwaka 2010 wakatunga hesabu ambamo aliyeshindwa alipata pointi za msimamo sawa na alama za mshindi, na mshindi akaongezewa kutokana na alama za aliyeshindwa, kusudi mtu asione faida ya kumwangamiza mwenzake. Vijana, kama kawaida yao, waliisoma kanuni kwa makini kuliko walioiandika, wakagundua kwamba zipo mechi ambazo ilikuwa heri roboti zote sita zifungie goli moja. Waandaaji walilazimika kumwongezea mshindi pointi katikati ya msimu ili mechi zibaki mechi.

Mwaka 2012 ndio unaonivutia zaidi. Katikati ya uwanja kulikuwa na daraja jeupe lililoyumba kama pembea, na roboti moja kutoka kila upande zilipofanikiwa kupanda na kulisawazisha pamoja, miungano yote miwili ilipata pointi mbili za msimamo, thamani ileile ya kushinda mechi. Hebu fikiria maana yake kwa nahodha anayeona zimebaki sekunde 30 na yuko nyuma. Akiendelea kufunga, huenda akashinda, huenda asishinde. Akimtuma dereva wake darajani, anahitaji mpinzani anayeongoza akubali kuacha kazi yake na kuja kumsaidia. Na mpinzani huyo naye ana sababu ya kuja, kwa kuwa pointi za ushindi akijumlisha na za daraja atakuwa amevuna zote. Makubaliano ya aina hiyo yalifanywa kabla ya mechi, kwenye vibanda vya matengenezo, na vijana waliokuwa wamebeba bisibisi mikononi. 

Msimu wa 2025, uliokuwa na sura ya bahari, ulilifanya wazo hilo kuwa gumu zaidi kulisoma na, kwa maoni yangu, zuri zaidi. Kila muungano ulikuwa na mwamba wa matumbawe wenye pande sita na ngazi nne, na roboti zilipachika vipande vya bomba vilivyowakilisha matumbawe. Kipande kilichofika ngazi ya juu kabisa wakati wa kuendesha kilileta alama tano, na cha ngazi ya chini alama mbili. Kati ya matumbawe hayo ilikwama mipira mikubwa iliyoitwa mwani. Mpira huo ungeweza kurushwa kwenye wavu wa juu kwa alama nne, au kusukumwa ndani ya tundu la pembeni kwa alama sita. Mtu angesema basi, sita ni zaidi ya nne, habari imekwisha. Lakini tundu hilo lilikuwa linatokea upande wa pili, mikononi mwa mchezaji wa mpinzani anayesimama nje ya uwanja, naye aliruhusiwa kuuchukua mpira huohuo na kuurusha kwenye wavu wake mwenyewe kwa alama nne. Faida yako halisi ingeweza kushuka hadi alama mbili, kutegemea ubora wa mkono wa kijana usiyemjua. Juu ya hayo, kama kila muungano ungesukuma angalau mipira miwili kwenye tundu lake, masharti ya pointi ya matumbawe, mojawapo ya zile tatu za kazi maalumu, yalilegezwa kwa pande zote mbili: badala ya kuhitaji vipande vitano katika kila moja ya ngazi nne, ngazi tatu zilitosha. Kwa hiyo timu ililazimika kupima mambo mawili yanayovutana kwa wakati mmoja, yaani kumpa mpinzani mpira wa kukufungia, na kumpa mpinzani huyohuyo unafuu anaouhitaji yeye kama unavyouhitaji wewe. Timu yenye roboti hodari ya kujaza ngazi zote nne haikuwa na haja ya unafuu huo, na ingeweza kuunyima. Timu ya wastani iliuhitaji sana. Nani alihitaji nini, na nani angekubali, hilo halikuonekana kwenye ubao wa matokeo.

Hapa ndipo wakosoaji wanapoanza kusema, na si wote wanaosema upuuzi. Hoja nyepesi kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba kanuni hizi zinawadekeza watoto: dunia ni ya kushindana, na kijana anayezoeshwa kumsaidia mpinzani ataliwa mzima siku akiingia kazini. Anayesema hivyo hajaitazama mechi kwa ukaribu. Hakuna mahali katika kanuni hizi ambapo timu inaombwa kuwa na huruma. Inaombwa kupiga hesabu. Muungano unaosukuma mpira wa pili kwenye tundu unafanya hivyo kwa sababu pointi moja ya matumbawe itaupandisha kwenye jedwali mbele ya timu nyingine 40 ambazo haziko uwanjani wakati huo. Mpinzani aliye mbele yako ni mmoja tu kati ya wapinzani wako wengi, na mara nyingi si yule wa hatari. Wafanyabiashara wawili wanaogombea wateja sokoni huku wakichangia kodi ya mlinzi mmoja wanaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Zaidi ya hapo, hatua ya mtoano inapoanza, pointi za msimamo hufutika, unafuu wa ushirikiano nao hufutika, na hubaki kitu kimoja tu, kumzidi mpinzani alama. Tangu 2023 miungano minane huingia kwenye mtoano ambao anayepoteza mara mbili anatoka, na fainali huamuliwa kwa mechi mbili za ushindi. Kijana hufundishwa kushirikiana asubuhi na kufunga goli la mwisho jioni, na anatakiwa kujua saa ngapi mchezo umebadilika. Huo si udekezaji.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kanuni zinapomlipa aliyeshindwa, zinafungua mlango wa kupanga matokeo. Kisa cha 2010 kinaonyesha kwamba hofu hiyo haikubuniwa. Jibu la waandaaji limekuwa la namna mbili. Wamepiga marufuku timu moja kuihimiza nyingine icheze chini ya uwezo wake, na wamezitenga kazi maalumu na matokeo, kiasi kwamba hakuna anayepata faida kwa kufungwa kwa makusudi. Anayetimiza kazi zote na kushinda hupata zaidi ya anayetimiza kazi zote na kufungwa. Sidhani kama jibu hilo linaziba kila tundu, kwa sababu kanuni ya nia ni ngumu kuisimamia, na mwamuzi hawezi kuingia kichwani mwa dereva aliyekwenda polepole. Lakini jaribio lililofanywa upande wa pili halikutoa matunda bora zaidi. Mwaka 2015 mchezo ulipangwa hivi kwamba miungano miwili haikugusana, na timu zilipangwa kwa wastani wa alama. Ugomvi uliofukuzwa mlangoni ukaingia dirishani: mapipa manne yaliyowekwa kwenye mstari wa katikati yakawa ndiyo uwanja wote wa vita, na timu za juu zikaunda mikono ya kuyanyakua katika sehemu ya kwanza ya sekunde ya kipindi cha kujiendesha. Mechi kubwa zikaamuliwa kabla mtazamaji hajakaa vizuri kwenye kiti.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoikubali kwa sehemu kubwa, nayo ni ya fedha. Ada ya kushiriki msimu mmoja hufika maelfu ya dola kabla hujanunua hata mota moja ya ziada, na timu iliyo karibu na kiwanda chenye wahandisi wa kujitolea ina mashine za kukatia chuma ambazo shule ya kijijini haitaziona. Hakuna kanuni ya pointi inayofuta tofauti hiyo. Inachofanya kanuni ni kuipunguzia makali mahali fulani, hasa katika uchaguzi wa wenza wa mtoano. Timu nane za juu huwa manahodha. Wa kwanza huchagua mwenza wa kwanza, kisha wa pili, hadi wa nane, halafu mzunguko hugeuka na wa nane huanza. Aliyeongoza jedwali hupata roboti bora ya kwanza, lakini kwa roboti ya tatu yeye ndiye wa mwisho kuchagua, na kufikia hapo majina yanayojulikana na kila mtu yamekwisha. Ubingwa mara nyingi huamuliwa na chaguo hilo la mwisho: timu iliyo katikati ya jedwali, yenye mashine ya kawaida, ambayo mtu fulani jukwaani aliandika kwenye daftari lake kwamba haijawahi kuharibika na dereva wake anajua kuziba njia. Ndiyo sababu timu makini huketisha vijana sita jukwaani, kila mmoja akiifuatilia roboti moja kwa mechi nzima, siku nzima. Kazi hiyo haihitaji chuma.

Tofauti hizi zina uhusiano wa moja kwa moja na sisi. Tangu 2017 FIRST Global, shirika dada ambalo mashindano yake ya kwanza yalifanyika Washington, limekuwa likialika timu moja kutoka kila nchi, na mataifa ya Afrika Mashariki yamekuwamo tangu mwaka huo wa kwanza. Baadaye mashindano yamepita Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore, Athens na Panama. Huko kila nchi hupelekewa sanduku la vifaa linalofanana, na miungano huundwa na mataifa matatu ambayo huenda hayana hata lugha moja ya pamoja. Katika mchezo wa 2017, ambao roboti zilitenganisha mipira ya buluu iliyowakilisha maji safi na ya rangi ya chungwa iliyowakilisha uchafu, timu iliyoamua mapema nani ashughulike na mipira ipi ilikuwa na nafasi nzuri kuliko iliyokuja na mashine ya kufanya kila kitu. Maana yake ni kwamba pale ambapo pengo la fedha limepunguzwa sana, kinachobaki kuwatenganisha vijana ni kusoma kanuni, kujadiliana na mgeni ndani ya dakika kumi, na kujua roboti yako haiwezi nini. Hayo ndiyo mambo ambayo maandalizi yetu huyapa muda mchache zaidi. Klabu nyingi za shule ninazozifahamu hupima mafanikio kwa kuhesabu vifaa vilivyopatikana kutoka kwa wafadhili, na habari za timu inaporudi husimulia nafasi iliyoshika, bila kueleza pointi zilitoka wapi: kwa ushindi, kwa kazi maalumu, au kwa bahati ya ratiba iliyowapa wenza hodari.

Athari yake ni kwamba tunawekeza mahali palipo ghali na kuacha palipo bure. Vitabu vya kanuni vya misimu iliyopita vinapatikana kwenye intaneti, na video za mechi zake pia, maelfu kwa maelfu. Mwalimu wa Tabora au Kilifi asiye na roboti hata moja anaweza kuchukua mechi ya 2025, kuisimamisha ikiwa imebaki dakika moja, na kuwauliza wanafunzi kama mpira ulioko mikononi mwa roboti nyekundu uende wavuni au tunduni, wakizingatia alama zilizopo, ngazi zilizojaa, na kama buluu tayari wamesukuma miwili yao. Kisha waandike jibu na sababu kabla video haijaendelea. Darasa likilifanya hilo mara kadhaa litaanza kubishana juu ya wastani, uwezekano, na kiasi cha kumwamini mtu usiyemjua, mambo ambayo mtaala unayafundisha kwa mbali na kwa mifano ya sarafu zinazorushwa juu. Wizara na wafadhili wanaotaka kuchagua timu ya taifa wangeweza kuanzia hapo pia: badala ya kuangalia ni shule gani yenye maabara, wawape watahiniwa kitabu cha kanuni ambacho hawajawahi kukiona, saa tatu, na kalamu, kisha wasikilize nani anaweza kueleza kwa nini katika mchezo ule kushindwa kwa namna fulani kunalipa sawa na kushinda.